Tarehe Moja Kwenye Jalada: Kisa cha Mtendaji wa Kijiji Aliyerejeshwa Kazini

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mtendaji wa kijiji katika halmashauri moja ya wilaya huko bara, Tanzania, ambaye aliondolewa kwenye orodha ya malipo ya mishahara mwaka 2017 kwa kukosa sifa ya kidato cha nne, kisha akarejeshwa kazini mwaka uliofuata. Nilikuwa afisa utumishi katika halmashauri hiyo na jalada lake lilipita mikononi mwangu tangu siku alipokuja kulalamika hadi siku alipolipwa. Jina lake, kijiji chake na halmashauri yenyewe nimeviacha, na baadhi ya tarehe za ndani nimezisogeza kidogo bila kuvuruga mfuatano wa mambo. Humu nitamwita Mtendaji tu. Ninawaandikia maafisa utumishi wenzangu, hasa wanaoanza kazi leo na kukuta kila kitu kimo kwenye mfumo, na pia watumishi ambao hawajawahi kufikiria kuwa siku moja watatakiwa kuthibitisha walianza kazi lini.

Hadi mwaka 2004, mtu aliyehitimu darasa la saba aliweza kuajiriwa serikalini katika kada za chini, kama vile udereva, ulinzi, uhudumu wa ofisi na utendaji wa kijiji. Waraka ulioanza kutumika tarehe 20 Mei 2004 ulibadilisha jambo hilo, kwa kutaka kila anayeingia katika utumishi wa umma kuanzia siku hiyo awe amefaulu kidato cha nne. Waliokwisha kuingia kabla ya hapo waliendelea na kazi zao, na kwa zaidi ya miaka kumi hakuna aliyewauliza.

Hali ilibadilika wakati wa uhakiki wa vyeti wa mwaka 2016 na 2017. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watumishi wa darasa la saba walikuwa kundi tofauti kabisa, kwa kuwa wengi wao hawakuwahi kuwasilisha cheti chochote cha sekondari, cha kweli wala cha uongo. Hata hivyo waliondolewa katika wimbi lilelile, na mitaani walihesabiwa pamoja na walioghushi. Ninalisema hili mapema kwa sababu aibu hiyo ilimuumiza Mtendaji kuliko kukosa mshahara, na kila alipofika ofisini neno lake la kwanza lilikuwa kwamba yeye hajaghushi kitu.

Mwezi Aprili 2018 Waziri wa Utumishi wa wakati huo, George Mkuchika, alitangaza uamuzi wa Serikali: watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, na ambao hawakuwasilisha vyeti vya kughushi, warejeshwe kazini, walipwe mishahara yao ya kipindi walichokuwa nje, na waendelee na kazi hadi watakapostaafu kwa mujibu wa sheria. Kuanzia hapo riziki ya mtu ilisimama juu ya swali moja: aliajiriwa lini?

Mambo yalivyotokea

Mtendaji alipokea barua ya kuondolewa katikati ya mwaka 2017. Ilikuwa ya aya mbili. Haikuambatana na hati ya mashtaka, kwa kuwa hakutuhumiwa kosa la nidhamu, na haikumweleza kama ana nafasi ya kukata rufaa. Mshahara wake wa mwisho ulikuwa wa mwezi Julai. Alikabidhi ofisi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, akaweka muhuri wa kijiji ndani ya bahasha ya kaki, akaifunga kwa gundi na kutia saini yake juu ya mfuniko, ili mtu yeyote asije akasema kuwa muhuri ule ulitumika akiwa ameshaondoka. Bahasha ile niliiona baadaye kwa ofisa tarafa. Ilikuwa bado imefungwa. Kijiji kikawa chini ya mtendaji wa kijiji jirani, aliyekaimu vijiji viwili kwa wakati mmoja.

Agizo la Aprili 2018 lilipotufikia, ofisi yetu ilitakiwa kuandaa orodha ya wanaostahili kurejeshwa, na muda ulikuwa mfupi. Tulifanya kile ambacho ofisi nyingi zingefanya: tukachukua tarehe za ajira kutoka kwenye mfumo wa taarifa za kiutumishi na mishahara, ambao enzi hizo tuliuita Lawson kwa jina la programu yake, tukakata mstari kwenye tarehe 20 Mei 2004. Waliokuwa juu ya mstari wakaingia kwenye orodha. Mtendaji alikuwa chini yake, kwa sababu mfumo ulionesha kwamba aliajiriwa tarehe 1 Julai 2004. Alikuwa amechelewa siku arobaini na mbili.

Alifika ofisini wiki mbili baada ya orodha kutoka. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akatoa kwenye mfuko wa nailoni barua moja iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo yake ikaanza kuchanika.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nilianza kazi mwaka 2003. Wakati wa kuandikisha wapiga kura wa serikali za mitaa wa mwaka 2004 nilikuwa nimeshazoea kazi. Sasa nyinyi mnaniambia nimeanza lini?"

Ile haikuwa barua ya ajira. Ilikuwa barua ya kuthibitishwa kazini, ya tarehe 1 Julai 2004. Nakala yake ya barua ya ajira, alisema, ililoa mvua nyumba ilipoezuliwa na upepo miaka mingi iliyopita. Nilikaribia kumrudishia barua yake na kumpa pole, kwa sababu tarehe ya kwenye karatasi ilikuwa ileile ya kwenye mfumo. Kilichonizuia ni mstari mmoja wa aya ya pili, uliosema kuwa anathibitishwa "baada ya kumaliza kwa mafanikio kipindi chako cha majaribio", na juu yake maneno ya kawaida ya barua za serikali: rejea barua yetu yenye kumbukumbu namba fulani, ya tarehe 2 Juni 2003.

Kipindi cha majaribio katika utumishi wa umma ni miezi kumi na miwili. Mtu hawezi kuthibitishwa Julai 2004 bila kuwa ameajiriwa mwaka uliotangulia. Aliyeingiza taarifa zake kwenye mfumo alikuwa na barua moja mbele yake, ile ya kuthibitishwa, na akaandika tarehe yake kwenye nafasi ya tarehe ya ajira ya kwanza. Kosa hilo lilikaa humo miaka yote bila kumdhuru mtu, hadi ilipokuja siku ambayo tarehe hiyo ilikuwa ndiyo kila kitu.

Kutafuta ushahidi

Nilikwenda masjala nikaomba jalada lake binafsi. Katika kila jalada la serikali karatasi hupewa namba ya folio kwa wino mwekundu kwenye kona ya juu, kulia. Jalada la Mtendaji lilianza na folio ya 4. Folio za 1, 2 na 3 hazikuwamo, na mtunza kumbukumbu, mama aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alinieleza sababu bila hata kufungua daftari: halmashauri yetu ilizaliwa kwa kugawanywa kwa halmashauri nyingine, na majalada yalipohamishwa, kwa watumishi wengi lilifika jalada dogo tu, huku lile la zamani likibaki kule. Alinipa hata jina la chumba ambamo majalada hayo yalirundikwa.

Wakati tukisubiri majibu kutoka huko, tulikusanya kila kilichopatikana, na hapa ningependa kueleza kwa urefu kidogo jinsi tulivyokipima, kwa sababu ushahidi haukuwa na uzito sawa.

Mwenyekiti wa zamani wa kijiji alileta daftari la mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji. Muhtasari wa Septemba 2003 ulikuwa na saini ya Mtendaji, na chini yake cheo chake. Watu wengi ofisini waliona jambo limekwisha. Mimi sikukubaliana nao. Saini ile ilithibitisha kuwa alikuwa akifanya kazi ya utendaji, lakini haikuthibitisha kuwa alikuwa mwajiriwa wa halmashauri, kwa maana zamani vijiji vingi vilikuwa na watu waliofanya kazi hiyo kwa kuteuliwa na kijiji chenyewe, wakilipwa posho au wasilipwe kabisa. Mkaguzi yeyote makini angeuliza swali hilo, na tungekosa jibu.

Ushahidi wa pili ulikuwa taarifa ya michango yake katika mfuko wa LAPF, uliokuwa ukihudumia watumishi wa serikali za mitaa. Tuliiomba mapema na kuipata kabla mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma haijaunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, mwezi Agosti 2018. Mstari wa kwanza wa taarifa hiyo ulionesha mchango wa mwezi Julai 2003, uliowasilishwa na mwajiri. Huu ulikuwa na nguvu ya aina nyingine kabisa, kwa sababu mwajiri hamchangii mtu asiye mtumishi wake, na kumbukumbu hizo zilitunzwa na chombo kingine ambacho hakikuwa na sababu yoyote ya kumpendelea Mtendaji.

Ushahidi wa tatu ulikuwa barua yenyewe ya ajira. Tuliipata baada ya karibu miezi miwili, katika halmashauri ya zamani, ndani ya jalada lililoliwa pembe na mchwa. Folio ya 1. Tarehe 2 Juni 2003. Namba ya kumbukumbu ilikuwa ileile iliyotajwa kwenye barua ya kuthibitishwa, tarakimu kwa tarakimu. Nilipiga simu kwa Mtendaji jioni hiyohiyo, ingawa utaratibu ulinitaka nisubiri hadi barua ithibitishwe na Mkurugenzi. Hakusema neno kwa muda, kisha akasema, "Mungu akubariki, baba."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu njia ya kumrudisha. Ofisini kulikuwa na mapendekezo mawili. Baadhi ya wenzangu, kwa nia njema kabisa, walipendekeza aajiriwe kwa mkataba wa muda wakati jambo lake likishughulikiwa, ili angalau apate chochote mfukoni. Wengine walipendekeza aombe upya nafasi itakapotangazwa. Nilipinga yote mawili, na kwa ukali zaidi la pili. Kurejeshwa kazini na kuajiriwa upya ni vitu viwili tofauti hata kama mtu anakaa kwenye kiti kilekile. Anayeajiriwa upya anapimwa kwa sifa za siku anayoajiriwa, na mwaka 2018 sifa hizo zilikuwa kidato cha nne, kwa hiyo mlango ule ungekuwa umefungwa kwake tangu mwanzo. Hata kama ungefunguliwa, angepewa namba mpya ya hundi, yaani namba inayomtambulisha mtumishi kwenye orodha ya mishahara, na tarehe mpya ya ajira, na miaka kumi na minne ya utumishi wake ingekatika katikati. Anayerejeshwa anarudi na tarehe yake, cheo chake, namba yake na madai yake ya mshahara. Mkataba wa muda nao ungeweza kusomwa baadaye kama kukiri kwamba alikubali kuachishwa.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kutopeleka jina lake mpaka folio ya 1 ipatikane. Hapa nilisita. Taarifa ya LAPF pamoja na barua ya kuthibitishwa vilitosha kumshawishi mtu mwenye busara, na kila mwezi uliopita ulikuwa mwezi mwingine wa familia kuishi bila mshahara. Niliamua kusubiri kwa sababu niliogopa kwamba ombi la nyongeza, yaani la kumwingiza mtu aliyeachwa nje ya orodha, likirudishwa mara moja kwa ushahidi pungufu, lingesomwa kwa mashaka litakapopelekwa mara ya pili. Hadi leo sina uhakika kama nilipima sawasawa. Ningeweza kupeleka ombi na ushahidi uliokuwapo, nikaeleza kuwa barua ya ajira inatafutwa.

Uamuzi wa tatu ulihusu kiti. Halmashauri ilikuwa imeomba kibali cha kuajiri watendaji wa vijiji tisa, na kijiji cha Mtendaji kilikuwa kimojawapo, kwa kuwa kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa kwa kila kada, kilionekana hakina mtu. Ikama inaruhusu mtendaji mmoja kwa kila kijiji. Endapo kibali kingetoka na nafasi ikatangazwa, angepatikana kijana mwenye kidato cha nne, angepewa barua halali kabisa, na Mtendaji angerudi akute kiti chake kina mwenyewe. Wakati huo tungekuwa na watu wawili wenye haki na nafasi moja. Nilimwandikia Mkurugenzi dokezo la kupendekeza ombi lipunguzwe kutoka nafasi tisa hadi nane kabla halijaenda mbali, nikieleza kuwa mtumishi anayesubiri kurejeshwa ana haki ya kutangulizwa mbele ya mwombaji mpya, kwa kuwa yeye hakuwahi kukoma kuwa mtumishi kwa njia halali. Mkurugenzi aliandika pembeni ya dokezo neno moja, "Nakubali". Katika kisa chote, hili ndilo neno lililookoa mambo mengi zaidi, ingawa halikuonekana na mtu yeyote nje ya ofisi.

Uamuzi wa nne ulikuwa kusahihisha tarehe kwenye mfumo kabla ya kupeleka jina. Tungeweza kupeleka jina na kuahidi kusahihisha baadaye. Lakini anayepokea ombi kama hilo hufungua mfumo kwanza, na akikuta tarehe 1 Julai 2004 hasomi zaidi.

Matokeo

Ombi la nyongeza lilipelekwa kupitia Katibu Tawala wa Mkoa likiwa na nakala zilizothibitishwa za barua zote mbili na taarifa ya michango. Kibali kilirudi, na Mtendaji akaingia tena kwenye orodha ya mishahara mwezi Novemba 2018, kwa namba yake ya zamani. Alirudi kijijini kwake. Bahasha ya kaki ilifunguliwa mbele ya mwenyekiti na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, muhuri ukatolewa, na aliyekuwa akikaimu akatia saini ya makabidhiano.

Malimbikizo ya mishahara ya miezi kumi na tano, kuanzia Agosti 2017 hadi Oktoba 2018, yalilipwa kwa awamu mbili baada ya madai kukaguliwa, ya kwanza mwezi Machi 2019 na ya pili baada ya mwaka mpya wa fedha kuanza. Kwa muda huo wote mtoto wake wa tatu alikuwa amesimama shule, na hilo halikuwa na fomu ya madai.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni kusoma barua badala ya kusoma tarehe. Mfumo ulikuwa na tarehe moja, na barua ilikuwa na mbili. Afisa utumishi anayepokea mlalamikaji hupenda kulinganisha karatasi na skrini, na vikifanana huhitimisha. Lakini karatasi na skrini vikitoka kwenye chanzo kimoja, kufanana kwao hakuthibitishi lolote. Ndiyo maana taarifa ya mfuko wa pensheni ilikuwa na thamani kubwa: ilitoka nje ya mnyororo ule.

Kilichoshindikana kabisa ni hatua ya mwaka 2017, na sehemu ya lawama ni yangu, kwa kuwa tayari nilikuwa nimeripoti katika ofisi hiyo barua zilipotolewa. Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, inampa mtumishi asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka yake nafasi ya kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, na Kanuni zilitaka rufaa hiyo ipelekwe ndani ya siku 45. Hakuna mtumishi hata mmoja kati ya walioondolewa kwetu ambaye tulimweleza hivyo. Tulijiambia kuwa uamuzi umetoka juu na rufaa haitabadilisha kitu. Hatukuwa na haki ya kulijibu swali hilo kwa niaba yao. Rufaa iliyopelekwa kwa wakati, hata kama ingekaa mezani, ingelazimisha mtu kufungua jalada, na pengo la folio za 1 hadi 3 lingeonekana mwaka mmoja kabla. Uhakiki ulipaswa kuanza na jalada, kisha mfumo. Sisi tulifanya kinyume, mara mbili.

Jambo la tatu linahusu orodha ya Aprili 2018. Kukata mstari kwenye tarehe 20 Mei 2004 lilikuwa jambo sahihi, kwa sababu agizo lilisema hivyo. Kosa lilikuwa kutowatazama waliokuwa karibu na mstari. Nilirudi baadaye kwenye orodha nikawachambua wote waliooneshwa kuajiriwa kati ya tarehe 20 Mei 2004 na mwisho wa mwaka 2005, muda ambao aliyeajiriwa mwaka 2003 au mapema mwaka 2004 angeweza kuthibitishwa ndani yake. Walikuwa kumi na mmoja. Wawili walikuwa na kosa lilelile la tarehe ya kuthibitishwa kuandikwa mahali pa tarehe ya ajira, na nao walirejeshwa. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu.

Mmoja wa wale tisa waliobaki alikuwa mlinzi aliyeajiriwa kweli mwezi Agosti 2004, aliyekuja kwangu baada ya kusikia habari za Mtendaji, akiwa na daftari la kijiji na barua ya mwenyekiti iliyosema alianza kazi mwaka 2002. Barua yake ya ajira ilikuwapo, folio ya 1, na michango yake ilianza Septemba 2004. Nilimweleza ukweli siku hiyohiyo, nikamwonesha karatasi zote, nikamwandikia anwani ya Tume na namna ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, ili uamuzi utoke kwa mwenye mamlaka na usitoke kwangu. Alishukuru, lakini aliondoka kichwa chini, na sikuwa na la kumwongezea.

Kuna jambo ambalo lilikuwa bado halijakamilika nilipohamishwa. Kwa miezi ile kumi na tano, asilimia 5 ya mtumishi na asilimia 15 ya mwajiri hazikuwa zimewasilishwa PSSSF, kwa sababu malimbikizo yalilipwa kama madai na si kama mshahara wa kila mwezi. Pensheni hukokotolewa kwa miezi iliyochangiwa, na Mtendaji alikuwa amebakiza miaka sita kufikia sitini. Niliacha dokezo la makabidhiano kwa aliyenipokea, nikaambatanisha hesabu ya kila mwezi, na nikampa Mtendaji nakala, nikimwomba aiweke mahali ambapo mvua haifiki.